Nachora dinosau wa pembe tatu ukutani kwa chekechea, nifuate picha ipi?

fundi_rangi_ngamiani
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta hapa Tanga mjini, nimepata kazi ya kupamba ukuta wa chekechea moja huku Makorora, mwenye shule anataka wanyama wa kale na amesisitiza lazima awepo yule wa pembe tatu, Triceratops. Kanipa kitabu cha zamani nikitumie kama mfano, humo mnyama kachorwa miguu ya mbele imetanuka kama ya mjusi, tumbo nusura liguse chini, mkia anauburuza, rangi ya tope, nyuma yake bwawa linafuka moshi na mlima wa volkano unawaka. Nikaingia YouTube nakutana na mnyama mwingine kabisa, kasimama imara, mkia uko juu, wengine wamemuotesha na vitu kama nywele ngumu mkiani. Sasa nifuate ipi? Sitaki kuwachorea watoto kitu cha kubuni, ukuta huo utakaa miaka na mtoto wa miaka minne akishakiona ndio kimemkaa hicho. Halafu je, hawa wenye pembe walikuwepo huku kwetu? Kuna mtu kaniambia mapango ya Amboni ndio yalikuwa makazi yao.

Bi_Amani
Kaka fundi, fuata ya sasa na hicho kitabu kirudishe. Nafundisha baiolojia huku Muheza na hili swali wanafunzi wananiuliza kila mwaka. Picha hazijabadilika kwa kufuata fasheni, zimebadilika kwa sababu kuna vitu vimepatikana ardhini. Chukua mkia: nyayo za dinosau zimepatikana kwa maelfu duniani na alama ya mkia uliokokotwa ni adimu sana, kwa hiyo mkia ulikuwa hewani. Miguu ya mbele nayo, mifupa ikipangwa vizuri inaonyesha viwiko vimepinda kidogo tu, mnyama kasimama, halalii tumbo kama mamba.

Na ujue hata hao wataalamu walianzia mbali. Mwaka 1887 pembe mbili zilipatikana karibu na Denver kule Marekani, profesa Marsh akaamua ni za nyati mkubwa wa kale na akampa jina kabisa la nyati. 1889 baada ya kupata fuvu lililokamilika zaidi ndio akamwita Triceratops. Mifupa ya kwanza kusimamishwa makumbusho, Washington mwaka 1905, iliunganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya kumi, na kwa kuwa mifupa ya nyayo zake hawakuwa nayo wakamvalisha miguu ya dinosau wa jamii nyingine, wale wenye mdomo wa bata. Alisimama hivyo karibu miaka mia watu wanampiga picha, mpaka 2001 ndio wakampanga upya.

Kitu kimoja nakuomba usikikose. Ukienda buchani ukaangalia pembe ya ng'ombe iliyochemshwa, ile ganda nyeusi inachomoka na ndani kinabaki kiini cha mfupa, kifupi na kina vitundu vitundu. Pembe ya Triceratops ilikuwa hivyo hivyo, kinachopatikana kwenye mawe ni kiini tu na chenyewe kinafika kama mita moja, ganda la juu limeshaoza. Kwa hiyo mnyama akiwa hai pembe zilikuwa ndefu kuliko za fuvu na zina ncha kali. Na ukimchora mtoto wake usimpe pembe za baba, wadogo pembe zao zilianza fupi, zikawa zinapinda kuelekea nyuma, wakikua ndio zinageukia mbele. Hili limejulikana baada ya kupanga mafuvu ya rika tofauti mstari mmoja.

Amboni hapana. Yale mawe ni chokaa ya enzi za Jura, katikati ya zama za dinosau, wakati huo pale ni bahari, na mapango yenyewe maji yameyachimba baadaye sana.

mpita_njia_chumbageni
Mimi naomba kueleweshwa bila ugomvi. Kama mwaka huu wanasema hivi na mwaka ule walisema vile, sisi tuna uhakika gani kwamba miaka ishirini ijayo hawatageuza tena? Na rangi wanaitoa wapi, maana mfupa hauna rangi.

Bi_Amani
Swali zuri sana ndugu yangu. Watageuza baadhi ya mambo, ila hawarudi nyuma kwenye kila kitu. Mkia hautarudi chini. Angalia habari ya Iguanodon, dinosau mwingine: walikuta mfupa mmoja wenye ncha wakaubandika puani kama pembe ya kifaru, na sanamu zake za mwaka 1854 zipo mpaka leo kwenye bustani moja London na hiyo pembe puani. 1878 mgodi wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, ukatoa mifupa ya wengi wakiwa wazima wazima, ikaonekana ile pembe ni dole gumba. Hapo mjadala ukaisha.

Rangi, kwa wengi haijulikani kweli. Ila yupo Psittacosaurus wa China, mdogo, ni wa ukoo huo huo wa wenye pembe ingawa yeye pembe ndefu za juu ya macho hakuwa nazo, kabaki na ngozi yake. Mwaka 2016 watafiti walipima mabaki ya rangi kwenye ngozi ile wakaona mgongo ni wa giza na tumbo limepauka. Na hizo nywele ngumu mkiani ndio zimetoka kwake, zinaonekana kabisa kwenye jiwe. Kwa Triceratops hazijapatikana, ngozi yake iliyopatikana ina magamba makubwa, kwa hiyo mimi ningeziacha.

mjukuu_wa_Lindi
Fundi naingilia. Wenye pembe hawakuwa wetu, wale ni wa Asia na Amerika Kaskazini. Lakini sisi tunaye wa kwetu na inaniuma kuona watoto wa Tanzania wanakua hawamjui. Tendaguru, Lindi, 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosau, na waliochimba kwa mikono na kubeba ni watu wetu, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilipelekwa na wapagazi kichwani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, jumla tani zaidi ya 200. Leo mmoja wa hao, mkubwa wa shingo ndefu, amesimama makumbusho ya Berlin, ana urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13. Naye alisimamishwa 1937 viwiko vimepinda na mkia chini, 2007 wakampanga upya miguu imenyooka na mkia juu.

Sasa wewe mchore Kentrosaurus, wa hapo hapo Tendaguru, mita nne na nusu hivi, mabamba mgongoni kuanzia shingoni halafu yanageuka miiba mirefu mpaka mkiani. Kuna mwiba mmoja mrefu wa ubavuni, zamani waliuweka nyongani, siku hizi wengi wanauweka begani kwa sababu ndugu yake wa China kapatikana nao pale pale begani. Ila tafadhali usimweke picha moja na Triceratops. Wametengana zaidi ya miaka milioni 80, wakati kutoka Triceratops mpaka sisi ni milioni 66.

jarife_mzizima
Na baharini usiache patupu. Yule samaki wa kale anayeingia kwenye majarife yetu hapa Tanga, silakanti, sio dinosau lakini ukoo wake ulikuwepo kabla yao. Wazungu walimjua kwa mawe tu mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938. Hapa ana hifadhi yake tangu 2009. Mchore buluu iliyoiva na madoa meupe, mapezi manene kama vikono.

fundi_rangi_ngamiani
Nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni sana. Nitaugawa ukuta mara tatu na nitatenganisha kwa mistari minene, kushoto Tendaguru na Kentrosaurus, kati Triceratops na mtoto wake, kulia bahari yetu na silakanti. Mwenye shule nimeshamwonyesha hizi meseji amekubali, jina la Boheti nitaliandika herufi kubwa. Dada Bi_Amani mawili ya mwisho: chini niweke majani gani, na vidole vya Triceratops ni vingapi?

Bi_Amani
Nyasi usiweke popote kaka, zile mbuga za nyasi hazikuwepo. Kwa Kentrosaurus weka makangaga ya msituni na miti jamii ya misonobari, maua hapana. Kwa Triceratops maua yalishakuwepo, weka yoyote madogo. Vidole mbele vitano, vitatu vya ndani tu ndio vina kwato, nyuma vinne.

mjukuu_wa_Lindi
Ukimaliza tuwekee picha humu, na kama rangi ya miiba imepungua niambie nitachangia kopo.