FAMILIA MOJA 🙏: suala la Mudi

JUMANNE

Dada Mkubwa: Habari za asubuhi wanafamilia. Naomba hii msome mpaka mwisho sio kuweka dole gumba halafu mnapotea. Nimeipata ile programu ya porini niliyowaambia. Vijana wa kiume tu, miaka 17 mpaka 25, wiki 10 wanakaa hukohuko, hakuna simu hakuna washkaji hakuna kijiwe. Wanatembea na mizigo yao mgongoni, wanajipikia, wanalala chini ya turubai, na mshauri anafika kila wiki anakaa na kila kijana peke yake. Nafasi zimebaki 2. Malipo ya awali mwisho Ijumaa

Dada Mkubwa: Waliosoma 14, waliojibu hakuna

Dada Mkubwa: Tulipomtoa Mudi polisi mara ya pili wote mlisema dada tafuta suluhisho. Nimetafuta. Sasa mmekuwa bubu

Mama Pacha: Nipo dada nasoma, hawa wawili wananivuta nguo hapa

Shemeji: Wiki 10 bila simu?? Niandikeni mimi nalipa mwenyewe 😂😂

Mama Pacha: We ukae hata siku moja bila kuangalia matokeo ya mpira utalia

Dada Mkubwa: Tuwe siriazi jamani

Binamu: Dada mi nimeisoma hii kitu kidogo, sio ngeni, ilianza 1941 kule Aberdovey, Wales, ni mwalimu anaitwa Kurt Hahn na mwenye meli mmoja Lawrence Holt, wakati wa vita meli zinazamishwa ovyo na Holt akawa anaamini kwamba kwenye yale maboti ya kuokolea mabaharia vijana wenye nguvu zao wanakata tamaa wanakufa halafu wazee ndio wanapona, kwa hiyo wakafungua shule ya kuwapitisha vijana kwenye shida kabla shida yenyewe haijafika, ndio ikaitwa Outward Bound, mengine mengi yamefuata hapo

Shemeji: Kwa hiyo Mudi anakwenda kuwa baharia

Mama Pacha: Na kuogelea hajui 🤣

Dada Mkubwa: Hakuna bahari. Ni pori. Wanafundishwa mpaka kuwasha moto bila kiberiti

Mama Pacha: Mudi?? Huyu anayeita mtu kutoka chumba cha pili aje amzimie taa, leo apekeche ulindi na ulimbombo 🤣🤣🤣

Shemeji: Moto utawaka wiki ya 9

Dada Mkubwa: Nacheka lakini nina hasira. Nani anachangia? Nafungua orodha. 1. Mimi. 2.

(saa nne zikapita)

Mjomba: Salaam. Nimeona sasa hivi. Mambo ya porini ya nini. Apelekwe gerezani siku moja wafungwa wamfokee aone maisha yanavyokuwa, atarudi amenyooka

Binamu: Mjomba samahani, hiyo ilishapimwa kwa tafiti kabisa, Marekani walikuwa wanawapeleka vijana gerezani kutishwa, na waliopelekwa wakaja kufanya makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa

Mjomba: Tafiti za watu hazijui mtoto wetu

Mama Pacha: Mjomba na wewe unayemjua mtoto wetu, ile pikipiki iko wapi?

Mjomba: Hilo tulishalizungumza

Mama Pacha: Ulizungumza na nani? Maana Mudi kabla ya ile pikipiki kwenda "gereji" alikuwa anaamka saa 11 anakwenda kazini. Mimi nasema tu

Dada Mkubwa: PIKIPIKI TUIACHE. Binamu hiyo ya porini je imepimwa? Waambie

Binamu: Imepimwa. Mwaka 2000 Wilson na Lipsey walikusanya tafiti 28 za programu kama hizi kwa vijana wenye makosa. Waliopita huko waliorudia makosa ni 29%, ambao hawakupita 37%. Kwa hiyo inasaidia ila sio muujiza dada, tusije tukamtegemea arudi malaika. Zilizofanya vizuri zaidi ni zenye mazoezi ya nguvu kweli au zenye ushauri nasaha ndani yake. Halafu urefu wa programu haukuleta tofauti, yaani wiki 10 peke yake haina maana kama huyo mshauri ni wa picha

Dada Mkubwa: Mshauri yupo nimeongea naye kwenye simu

Binamu: Ana leseni ya kitu gani? Na hospitali iko umbali gani na hapo wanapolala? Naomba tuulize kwa sababu kuna upande mbaya pia. 2007 wakaguzi wa bunge la Marekani, GAO, walitoa ripoti kuhusu programu za vijana watundu za watu binafsi, wakachambua vifo 10, na kuna watoto humo walikuwa wanaumwa kabisa wanasema nimechoka naumwa na wasimamizi wanaona wanaigiza. Kijana akishazoeleka kuwa muongo hakuna anayemwamini hata siku anasema kweli

Mama Pacha: Mungu wangu. Na Mudi na pumu yake

Dada Mkubwa: Fomu ina sehemu ya magonjwa nitaandika pumu. Jamani tukianza kuogopa hatufiki. Mpango uko hivi: Jumapili alfajiri saa 10 kuna vijana wawili wenye gari nimeongea nao, Mjomba anafungua geti, asijue mapema maana akijua anakimbia. Mama Pacha wewe mfungie begi Jumamosi akitoka

Mama Pacha: Saa 10 alfajiri?

Mama Pacha: Kama mlivyomfanya Kaka?

Shemeji: Eh

Mjomba: Ujumbe huu umefutwa

Mama Pacha: Nimeusoma kabla hujafuta. Haikuwa "kwa faida yake". Miaka yote hii anapiga simu Idi na Idi dakika mbili anauliza hali ya hewa anakata

Dada Mkubwa: Mama Pacha hilo tulikubaliana halizungumzwi humu

Mama Pacha: Nani alikubaliana?

JUMATANO

Dada Mkubwa: Habari za asubuhi. Tuendelee na hoja. Orodha: 1. Mimi. 2.

Shemeji: Jana gemu mliiona lakini? Yule kipa

Dada Mkubwa: SHEMEJI

Bibi: Ni Bibi hapa naandikiwa na mtoto wa Mama Pacha. Nimesomewa yote tangu jana na yaliyofutwa nimeambiwa. Katika nyumba hii mtoto hatoki usiku tena. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mwenye kwenda porini atakwenda mchana, kwa miguu yake, akiwa ameshaniaga. Na nyie mnaohesabu wiki 10, wiki ya 11 Mudi analala wapi? Chumba chake mmeshakigawa. Mwisho naandikiwa.

(kimya mpaka mchana)

Binamu: Shikamoo Bibi. Umesema

Mama Pacha: Shikamoo Bibi 🙏🏽

Mjomba: Shikamoo mama. Tumesikia

Dada Mkubwa: Shikamoo Bibi. Sikuwa na nia mbaya, mimi ndiye nakesha naye, mimi ndiye polisi wananipigia. Ile alfajiri tuifute. Chumba hakijagawiwa, ni magunia ya Shemeji tu yapo kwa muda

Shemeji: Kwa muda gani tena? Niliambiwa nikitumie

Binamu: Bibi kagusa penyewe, kijana akishatoka kule kwenye utulivu anarudi kijiwe kilekile washkaji walewale hana kazi hana kitanda, hiyo pesa bora tungeichoma. Nani atakuwa naye mwezi wa kwanza? Hilo ndio tungeliwekea orodha

Binamu: Halafu dada nimefungua ile fomu uliyotuma. Ukurasa wa 3, aliyefikisha miaka 18 anasaini mwenyewe. Mudi ana 19

Dada Mkubwa: Nimeiona

Binamu: Uliiona kabla au baada ya kuongea na wenye gari?

Dada Mkubwa: Tusonge mbele. Nani anakwenda kuongea naye leo? Na asisikie kwanza haya ya humu, ndio maana nilimtoa kwenye kikundi Jumatatu

Mama Pacha: Ulimtoa namba gani?

Dada Mkubwa: Si ile yake

Mama Pacha: Ile iliibiwa na simu dada. Namba yake mpya ndio hii isiyo na picha. Ipo

Shemeji: 💀💀💀

Namba isiyo na picha: Shikamoo Bibi. Nimesoma yote. Dada sikimbii, ningekimbia ningekuwa nimeshakimbia. Huyo mshauri nataka niongee naye mwenyewe kwenye simu sio nisimuliwe, kama kazi yake ni kufoka tu hapa nyumbani wapo wa bure. Na kama mtu akiumwa njiani anaruhusiwa kurudi au ndio basi. Sijakubali na sijakataa. Pikipiki sio lazima irudi ila nataka Mjomba aseme humu aliiuza kwa nani

Mjomba ameondoka kwenye kikundi

Dada Mkubwa amemwongeza Mjomba

Dada Mkubwa: Mjomba hakuna kutoka. Mudi mdogo wangu nakutumia namba ya mshauri inboksi, mpigie leo leo. Malipo bado ni Ijumaa, nitawaomba watusogezee mpaka Jumatatu lakini hawajanijibu. Orodha: 1. Mimi. 2. Mama Pacha (nusu). 3.

Binamu: Niweke 3, baada ya Mudi kuongea na huyo mtu

Shemeji: Magunia yanahamia kwa nani sasa?