Nimetoka livu ya uzazi nikapata kiti yangu ina mtu, sasa nimeletewa barua ya kujiuzulu nisaini. Nifanyeje?

MamaTee_Pipeline
Wasee habari zenu, naomba ushauri na tafadhali msinicheke juu hata saa hii naandika nikiwa choo ya kazi nakamua maziwa. Niko kampuni moja huku Industrial Area, Nairobi, siitaji, nimekaa hapo miaka sita, mitatu ya mwisho nikiwa karani wa dispachi. Mwezi wa tatu nikaenda livu ya uzazi, barua niliandika wiki tatu mbele, wakasaini, kila kitu sawa. Narudi mwezi wa sita napata kijana amekalia kiti yangu, anatumia kompyuta yangu, hadi kikombe yangu ya chai ndio anakunywia. Nikaambiwa niende stoo "kwa muda", kuhesabu maboksi, wiki moja shifti ya mchana wiki moja ya usiku, na mimi niko na mtoto wa miezi mitatu ananyonya. Alawansi ya 6,000 nayo ikatoka kwa peslipu kimya kimya.

Sasa huyo kijana hana shida, ni mtu poa, tulikuwa tunakula chapo madondo akaropoka analipwa 45,000. Mimi na hiyo alawansi ndani nilikuwa 34,000!! Kazi ni ile ile na mimi ndiye nilimfundisha hiyo sistimu kabla niende kuzaa.

Supavaiza mpya alisema mbele ya watu "hawa wa kuzaa zaa watatumaliza", watu wakacheka, na mimi nikacheka pia, sijui mbona. Jana HR wakaniita, mlango ukafungwa, nikapewa barua imeshachapwa na jina yangu ati najiuzulu kwa sababu za kifamilia, nikisaini napewa mshahara wa mwezi mmoja. Mwisho Ijumaa. Mzee wangu anasema nisaini tutatafuta ingine, mamangu anasema nisiguse hiyo karatasi, na deni ya Fuliza, ile mkopo ya M-Pesa, imenifika hapa.

Mbuyu_wa_Umoja
Msikize mama. Ukisaini, ni wewe umeenda, si wao wamekufuta, na hiyo karatasi ndio watatoa siku ukiwapeleka leba, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Sababu za kifamilia za nani? Wao ndio wameandika!

kijana_wa_kayole
Wacheni kudanganya dada ya watu na sheria za kitabu. Kesi kwa korti ya Milimani inakaa miaka, mtoto atakula kesi? Mimi nilifutwa nikashtaki, nilikuja kuchoka nikaacha. Ongea nao wakupe mishahara mitatu, chukua, enda.

Mbuyu_wa_Umoja
@kijana_wa_kayole na hata hiyo mitatu atapataje kama hajui ana haki gani? Mtu habargeini kitu hajui bei yake.

NilikuwaHR
Mamaa pole sana. Mimi nimekaa upande ule mwingine wa hiyo meza miaka kumi na moja, na nakwambia ukweli, barua ikikuja imeshachapwa ni juu wanajua wakikufuta wenyewe watalipa zaidi. Kampuni ambayo iko na sababu ya kukufuta haikubembelezi.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inasema livu ya uzazi ni miezi mitatu na mshahara wote, na ukirudi unarudi kwa kazi yako ile ile, ama ingine inayokufaa ambayo masharti yake si mabaya kuliko ya kwanza. Kutoka dispachi kuenda kuhesabu maboksi usiku na 6,000 imekatwa, waambie wakuonyeshe hapo masharti hayajashuka wapi. Tena kifungu cha 10 kinataka mkataba ukibadilishwa wakushauri kwanza na wakuandikie. Walikuandikia? Najua hawakuandika, sisi tulikuwa tunafanya hivyo pia, nisamehewe.

Kwa mshahara, kifungu cha 5: kazi ya thamani sawa, malipo sawa. Kifungu hicho hicho kinakataza ubaguzi na ujauzito umetajwa kwa jina, pamoja na jinsia, kabila, dini, ulemavu, hali ya HIV na zingine. Utamu wake ni huu, ukidai ubaguzi, mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea. Lakini usiende mikono mitupu ukingoja wajishtaki wenyewe.

Leo hii andika imeli, fupi, bila matusi: nilienda livu tarehe fulani, nikarudi tarehe fulani, nilikuwa karani wa dispachi, sasa niko stoo na alawansi imetolewa, naomba mnieleze kwa maandishi. Na nilipewa barua ya kujiuzulu ambayo sikuiomba, sijiuzulu. Jitumie kopi kwa imeli yako ya nyumbani. Halafu ENDA KAZI. Usikose hata siku moja kwa hasira, ukikosa bila ruhusa umewapa sababu ambayo hawakuwa nayo.

MamaTee_Pipeline
Yaani nimesoma nikalia. Kuna meseji supavaiza alituma kwa grupu ya WhatsApp ati stoo ndio "wodi ya wamama". Hiyo ni ushahidi ama ni bure?

wakili_wa_mtaani
Ni ushahidi, korti inakubali vitu vya kielektroniki, ila inataka cheti cha kueleza vilitolewa aje, kwa hivyo usifute na usitoke kwa hiyo grupu hata wakutukane. Hiyo simu pia usiuze.

Naongezea pale dada wa HR ameachia. Ukisaini kwa kushinikizwa si mwisho wa dunia, korti zetu zinatambua mtu kusukumwa hadi ajiuzulu ni kama kufutwa, Mahakama ya Rufaa ilikubali hivyo 2015. Lakini hapo sasa wewe ndiye utathibitisha ulisukumwa, na ni kupanda mlima. Bora usisaini.

Wakiona umekataa watatafuta njia ingine, mara nyingi ni "utendakazi umeshuka". Hapo kifungu cha 41 kinawabana: lazima wakueleze sababu kwa lugha unaelewa, wakusikize, na uko na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama awe hapo ndani. Ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kufuta mtu, hata kulalamika dhidi ya mwajiri haiwezi, hiyo ni kifungu cha 46.

Wakikufuta, malalamiko kwa ofisa wa leba ni ndani ya miezi mitatu, usikae ukiomboleza nyumbani. Kortini ni miaka mitatu. Kwa mshahara wako si lazima Mahakama ya Ajira, chini ya 80,000 kwa mwezi inasikizwa na hakimu. Fidia ya kufutwa visivyo inafika mishahara ya miezi 12, na ubaguzi korti inaweza kuupima kando. Kijana wa Kayole hajadanganya kuhusu muda, inachukua muda. Lakini nyingi zinaisha kabla ya hukumu, kampuni ikishaona uko na karatasi. Pesa ya wakili isikutishe, kuna mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA (ya mawakili wanawake), wanasaidia wasiojiweza.

Shosh_wa_Buru
Binti yangu na hiyo ya kukamua chooni pia useme. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha, pa kunawa, friji na soketi, na upewe hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Sisi tulinyonyesha nyuma ya malori, nyinyi msikubali.

juakali254
Samahani kuingilia, sisi vibarua je? Niko hapo kila siku miezi minane nalipwa jioni.

wakili_wa_mtaani
@juakali254 ukifanya siku mfululizo zikafika mwezi, kifungu cha 37 kinakuhesabu wa kulipwa kwa mwezi. Fungua uzi wako tuongee.

kijana_wa_kayole
Sawa nimenyamaza. Mama Tee kaza.

MamaTee_Pipeline
Ijumaa, saa tatu usiku. Imeli nilituma Jumatano, mikono ikitetemeka hadi nikaandika tarehe vibaya nikarudia. HR hawakujibu. Leo nikaitwa, nikasema sisaini, yule mama akanyamaza kama dakika mzima halafu akachukua karatasi yake akarudisha kwa drowa. Saa kumi nikapewa barua ingine: kikao Jumatano, ati utendakazi, na kweli imeandikwa naweza kuja na mfanyakazi mwenzangu. Miaka sita sijawahi pewa hata onyo ya mdomo!

Nimeuliza watu wanne wakasema wako na watoto, na nawaelewa kabisa. Mwenye amekubali ni yule kijana wa dispachi.

NilikuwaHR
Aingie na kalamu na daftari, aandike kila neno. Na usiwaambie alikupea hiyo ya mshahara, omba wao watoe rekodi zao za malipo.

MamaTee_Pipeline
Sawa. Kikombe pia amenirudishia, ameosha.