Mjadala: Je, nchi moja ya Ulaya iweze kukwamisha mkataba wa mataifa zaidi ya 100?

Pangani (mtoa mada): Mazungumzo ya Mkataba wa Samoa, kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, yalikamilika Aprili 2021. Saini zikawekwa Apia, mji mkuu wa Samoa, tarehe 15 Novemba 2023. Kwa sehemu kubwa ya muda huo kizuizi kilikuwa Hungaria ya Viktor Orbán, aliyetangaza mwaka 2014 kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali. Alipinga vipengele vya uhamiaji, jinsia na afya ya uzazi. Alipolegeza, Poland nayo ikazuia kwa sababu ya ugomvi wa nafaka inayoingia kutoka Ukraine. Nafaka na Apia wapi na wapi? Nasema kura ya turufu iondolewe kwenye mikataba ya maendeleo.

Kasulu: Ndugu Pangani, tenganisha fedha na maandishi. Tangu 2021 Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya umeingizwa kwenye bajeti ya kawaida ya Umoja. Chombo kipya cha fedha kilichoshika nafasi yake kina yuro bilioni 79.5 hadi 2027, na mipango yake hupita kwa wingi maalumu: nchi 15 kati ya 27, zenye 65% ya watu. Kuzuia kunataka angalau nchi nne zenye zaidi ya 35%. Hungaria peke yake haifiki huko. Na Mkataba wa Cotonou, uliotangulia huu wa Samoa na uliokuwa uishe Februari 2020, uliongezewa muda tena na tena.

Mtwapa: Fedha zilipita, sawa, lakini maandishi ndiyo yanayoamua zinafanya nini. Tazama Mpango wa Tatu wa Jinsia wa Umoja wa Ulaya, wa Novemba 2020. Hitimisho la Baraza, chombo cha serikali za nchi wanachama, linahitaji wote 27 wakubali. Hungaria, Poland na Bulgaria zikakataa, basi Desemba Ujerumani, iliyokuwa mwenyekiti wa Baraza, ikatoa hitimisho kwa jina la uenyekiti tu, likiungwa mkono na nchi 24. Kinachofuata ndicho kinachoniuma: waandishi wa rasimu wanaanza kujikata wenyewe. "Usawa wa kijinsia" unageuka "usawa wa wanawake na wanaume" kabla hata ya mtu kupinga. Ofisa anayetetea bajeti ya uzazi wa mpango anabaki bila aya ya kushika.

Kasulu: Tusisahau lakini kwamba vipengele hivyo vilipingwa Afrika pia. Nigeria iliposaini mwaka 2024 kelele zilikuwa kubwa.

Pangani: Hilo halifanani, ndugu yangu. Serikali za Afrika zilikuwa upande wa pili wa meza, na kubishana ni haki yao. Hungaria ilikuwa ndani ya Baraza lililoipa Kamisheni mamlaka ya kujadiliana Juni 2018, kisha ikakataa matokeo. Njia ya kisheria ipo. Kifungu cha 217 cha Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, kinachohusu mikataba ya ushirika, kinadai kauli moja. Cha 209, cha ushirikiano wa maendeleo, kinatosheka na wingi maalumu, na mwaka 2014, katika kesi ya mkataba na Ufilipino, Mahakama ya Ulaya ilikubali kwamba kinaweza kubeba hata urejeshaji wa wahamiaji.

Mtwapa: Basi utaipoteza hadhi ya ushirika, na nchi zetu zitauliza kwa nini zimeshushwa daraja. Tena Samoa unatumika kwa muda tu tangu Januari 2024. Ili uanze rasmi, lazima uridhiwe na kila nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na kila bunge huko lina uwezo wa kuuweka kapuni.