Nitapimaje uadilifu wa kampuni ya nguo?

Muuza nguo, Moshi: Ndugu zangu, nina duka dogo karibu na Soko la Mbuyuni, na kampuni ninayotaka kununua kwake hujiita rafiki wa mazingira. Nitapimaje ukweli wake?

Fundi cherehani, Arusha: Anza kwa kuiomba kampuni majina ya viwanda vinavyoishonea nguo. Jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, lilipoporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wanaharakati walitafuta lebo kwenye kifusi ili wajue nguo zilishonwa kwa ajili ya nani. Kampuni inayoficha viwanda vyake siiamini hata kidogo.

Mkulima wa pamba: Fundi amesema kweli. Tafuta pia nembo ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, inayotaka angalau asilimia 70 ya nyuzi zitokane na kilimo hai.

Muuza nguo, Moshi: Nashukuru sana. Nitaiandikia kampuni leo kuomba orodha ya viwanda vyake.