Mwinyi Dugumbi wa Nyangwe: tumheshimu au tumsahau?

Mrima Damu: Wakuu, nauliza kwa nia njema. Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba huko Maniema, Kongo, miaka ya 1870 ulikuwa mji haswa. Wapelelezi wa Kizungu wote: Livingstone kafika, Cameron kafika, Stanley kafika. Aliyeusimamisha ni mfanyabiashara wetu wa pwani ya Mrima, Mwinyi Dugumbi, lakini kila siku ni Tippu Tip, Tippu Tip. Huyu hastahili hata jina la mtaa?

Mwana Kindu: Kausimamisha vipi? Soko alilikuta, na Wagenya, watu wa mto, na mitumbwi yao aliwakuta. Alicholeta yeye ni bunduki. Zile risasi sokoni zilipigwa na watu wa nani?

Shabaha: Hiyo si ndiyo vita ya 1880 na kitu?

Mwana Kindu: Si vita! Julai 15, 1871. Watu wake waligombania bei ya kuku, wakaanza kufyatulia kina mama waliokuja kuuza. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa ni 330 hadi 400.

Mrima Damu: Malizia hadithi basi. Dugumbi alituma mtumbwi, akaopoa 21 waliokimbilia mtoni. Na aliyeongoza ufyatuaji ni mwenzake, Mtagamoyo. Halafu tuseme ukweli, jamani: bila hao watu wa pwani mngejua Kiswahili nyinyi? Ingawa chenyewe mmeshakikatakata.

Bi Mkubwa wa Ujiji: Katika hao wa majini kuna mwanamke aligoma kupanda mtumbwi. Alihofia akiokolewa atafanywa mtumwa. Kati ya Dugumbi na mto, kachagua mto. Mtaa huo mtauita jina la nani?

Mwana Kindu: TUMEKIKATAKATA?? Kwetu "batoto banakula" ni lugha kamili, mama yangu alinilea nayo. Nyie wa "freshi" na "mida ya mchana" ndio wa kumsahihisha mtu?

Shabaha: Hahaha, hapo kakupata, Mrima.

Mrima Damu: Nimetania tu, ndugu, mbona unawaka. Ila wali mnaokula tuliwaletea sisi, hilo hulipingi.

Mwana Kindu: Mpunga mlileta, nakubali. Aliyelima nani? Mkulima wake alikuwa na mnyororo shingoni, wewe unadai shukrani ya sahani!

Shabaha: Wali wa Maniema niliula Kigoma kwa jirani, na samaki wa kukausha. Wali wa pwani ukasome.

Mrima Damu: Wewe Shabaha umekula wapi wali wa nazi wa maana? Njoo Bagamoyo.

Bi Mkubwa wa Ujiji: Babu yangu Mmanyema aliingia Ujiji bila kuulizwa kama anapenda wali. Nimeuliza habari ya mwanamke yule, naona mnapika.

Shabaha: Samahani, Bibi. Kwani huo mji uliishaje?

Mwana Kindu: Kamanda Dhanis na askari wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, waliuteka Machi 1893, ukateketea. Wabelgiji nao wakajiita wakombozi. Na wao walikuwa wanakata mikono.

Mrima Damu: Afadhali umesema. Kwa hiyo Dugumbi na Leopold, nani mbaya zaidi?

Mwana Kindu: Usinihamishie goli. Kwanza futa lile neno "mmekikatakata".

Mrima Damu: Sifuti. Nasema hivi, nazi mnayo Kindu?