Ukungu wa bafuni: mzigo wa mpangaji au wa mwenye nyumba?

Suala hili kila likizuka huishia kwenye lawama zilezile. Mwenye nyumba: "Hamfungui madirisha." Mpangaji: "Nyumba mbovu." Msimamo wangu ni huu: kabla ya kutafuta nani mchafu, tutafute maji yanatoka wapi. Na kazi ya kuyatafuta ni ya mwenye nyumba, maana ukuta ni wake.

Mbegu za kuvu, yaani huo ukungu unaotia madoa ukutani, zimo hewani katika kila nyumba, hata iliyo safi. Zinachongoja ni unyevu tu. Mahali pakibaki pamelowa saa 24 hadi 48, zinaweza kuanza kuota. Ndiyo maana ukisugua kwa klorini leo na chanzo cha maji ukakiacha, mwezi ujao utasugua tena.

Wapangaji wenzangu, na sisi tuna makosa. Wapo wanaoziba tundu la hewa kwa gazeti. Wapo wanaoona bomba linatiririka chini ya sinki wakanyamaza miezi mitatu. Hapo sehemu ya hasara ni yao, kwa sababu hakuna anayeweza kutengeneza asichoambiwa. Toeni taarifa mapema, kwa maandishi, na picha yenye tarehe.

Lakini hoja ya "mnaoga sana maji ya moto" siikubali hata kidogo. Bafu limejengwa ili watu waoge. Kama halina dirisha wala feni ya kutoa hewa, mvuke utapitia wapi? Utapanda darini, ukutane na ubaridi, ugeuke maji. Mpangaji hawezi kufungua dirisha ambalo halikuwekwa.

Nina uchungu na jambo hili. Niliwahi kukabidhiwa nyumba rangi ingali inanukia. Mwezi wa pili madoa meusi yakachomoza ukutani, usawa wa bomba la kuogea. Nikasugua, nikapaka rangi mara mbili kwa pesa yangu, na bado nikaitwa mzembe. Fundi alipobandua vigae akakuta kiungo cha bomba kinavuja ndani kwa ndani. Hata hivyo, nilipohama amana yangu ilikatwa.

Mabishano mengi yangepungua kwa karatasi ya nailoni. Kausha sehemu ya ukuta, ibandike nailoni na uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, kisha iache siku mbili. Unyevu ukiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, kuna maji ukutani: bomba, paa au ardhi. Ukiwa upande wa nje, unaoelekea chumbani, ni mvuke wa hewa. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kuamua aitwe fundi bomba au ifungwe feni.

Atakayesema tunakuza jambo dogo akumbuke Rochdale, Uingereza. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2, alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ukathibitisha kwamba aliuawa na maradhi ya kupumua yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Baba yake alishalalamika tangu 2017. Akaambiwa apake rangi juu yake. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika England Oktoba 2025, kwa nyumba za jamii, yaani zile zinazopangishwa kwa bei nafuu na halmashauri au mashirika ya nyumba: hatari kubwa ya ukungu lazima ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Mpangaji haambiwi athibitishe kwanza kwamba hana hatia.

Wenye nyumba mnaosoma hapa, nawauliza kwa dhati: kanuni kama hiyo ikiwekwa kwa nyumba zote za kupanga, mtapinga kipi? Zile siku 10, au wajibu wenyewe wa kuja kuangalia?