Hamburg hadi Göteborg kwa gari, na mama anaogopa maji: tupite wapi?

Baba_wa_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa sita, Mungu akipenda, tunaondoka Dar watu watatu: mimi, mke wangu na mama, ambaye ana miaka 68. Mdogo wangu anaishi Hamburg. Binti wa marehemu dada yetu ameolewa Göteborg, Sweden, na kajifungua juzi tu. Mama anataka kumpakata kitukuu chake, basi, mengine yote hayamhusu.

Mpango ni kukodi gari Hamburg, mimi na mdogo wangu tupokezane usukani: Copenhagen, Malmö, Göteborg, halafu turudi. Siku 13 zote, sita za Ujerumani, tano za Sweden, zinazobaki Denmark na njiani.

Shida ni maji. Mwaka juzi tulipanda boti ya Zanzibar wakati wa kusi, mama akaanza kutapika hata Mbudya hatujaipita. Tangu siku hiyo chombo anachokiamini ni pantoni ya Magogoni peke yake, nayo anashika bomba mwanzo mwisho. Sasa kijana wa jirani (Mungu amsamehe) kamwonyesha kwenye simu habari za meli ya Estonia iliyozama 1994 na watu 852. Mama kaniambia niende mwenyewe, nimletee picha.

Nikiangalia ramani naona pantoni ya Puttgarden (Ujerumani) kwenda Rødby (Denmark), naona madaraja, na naona meli ya usiku kati ya Göteborg na Kiel (Ujerumani). Mzee wa miaka 68 apite wapi? Na viza niombe ya nchi gani? Natanguliza shukrani.

Baharia_Kurasini

Shikamoo nyingi kwa mama. Nimekula chumvi ya bahari hizo miaka kadhaa, ngoja nikueleze.

Kwanza Estonia. Ile ilikuwa usiku wa Septemba, dhoruba, njia ya Tallinn kwenda Stockholm. Mlango wa mbele uling'oka, maji yakaingia deki ya magari. Maji yakishapata uwanja mpana kama ule yanahama upande mmoja na meli inalala. Ndiyo maana 1996 nchi za huko zikakubaliana, Makubaliano ya Stockholm, kwamba meli za magari lazima zihimili hata maji yakiingia kwenye deki ile. Mwambie mama hivyo hivyo, usimfiche. Mtu mzima ukimficha anajua.

Puttgarden hadi Rødby ni dakika 45. Ni mlango bahari wa kilomita kama 18, pwani unaiacha huku na nyingine inakuja. Gari linaingia kwa mdomo huu na kutokea kwa ule, kama Magogoni, ila ghorofani kuna mgahawa na viti vya kueleweka.

Göteborg hadi Kiel ni kitu kingine: mnaondoka jioni, mnafika asubuhi, saa 14 na ushee. Kutoka Kiel hadi Hamburg ni kilomita 100 hivi tu. Ukichukua hiyo, mwombee mama chumba cha katikati ya meli, ghorofa ya chini, ambako meli haiyumbi sana. Cha mbele juu kina dirisha zuri na ndicho kinachotikisika. Na dawa zake za presha zisibaki garini, deki ya magari hufungwa meli ikishaondoka.

Mimi ningefanya hivi. Kwenda, piteni Puttgarden, iwe mtihani wa dakika 45. Akishuka Rødby anacheka, rudini na meli ya usiku. Akishuka amenuna, rudini kwa nchi kavu: daraja la Öresund (Malmö hadi Copenhagen), kisha la Storebælt (ndani ya Denmark), hadi Hamburg bila kugusa maji. Copenhagen hadi Hamburg kwa njia hiyo ni kama kilomita 470, kwa hiyo laleni Odense, mji wa Denmark ulio njiani. Tiketi ya usiku nunua ile inayobadilishika, hata kama imezidi bei kidogo.

Shemeji_wa_Malmö

Baharia kamaliza ya majini, mimi nina ya barabarani. Nimekaa Malmö miaka minne, sasa nipo Mbezi.

Viza ni moja ya Schengen kwa nchi zote tatu. Unaomba kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, kwa hesabu yako Ujerumani. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Pasipoti ziwe mkononi, siyo kwenye buti, mipakani wanaweza kuwasimamisha.

Gari akodi mdogo wako kwa kadi yake ya mkopo, wewe uandikwe dereva wa pili. Mwaka wangu wa kwanza kampuni moja ilinikatalia gari pale kaunta, tayari nimelilipia, kwa sababu kadi yangu ilikuwa ya benki ya kawaida. Nililala stesheni na mabegi. Waambieni pia kwa maandishi kwamba gari litaingia Denmark na Sweden na litapanda meli.

Kukosea upande hakutokei kwenye barabara kuu. Kunatokea asubuhi ukitoka sheli, barabara tupu, mkono unarudi nyumbani wenyewe. Kipilefti mnazunguka kinyume na cha kwetu, anayekuja anatokea kushoto. Copenhagen ukikata kulia, mpishe mwenye baiskeli kwanza. Taa ziwake hata saa sita mchana.

Ijumaa ya kati ya tarehe 19 na 25 Juni Waswidi wanasherehekea katikati ya kiangazi. Maduka mengi yanafungwa na barabara zinajaa. Siku hiyo tulieni kwa mtoto.

Mama asibebe nyama ya kukausha wala samli, vitu vya nyama na maziwa kutoka kwetu haviingii. Dagaa ruksa.

Kijana_wa_Buguruni

Mkuu, pantoni ya dakika 45 yenye mgahawa? Sisi Kigamboni tunasubiri foleni muda huo huo, mgahawa ni karanga.

Baba_wa_Tabata

Nimemsomea mama yote jana baada ya chakula. Ya Estonia alisikiliza kimya, akauliza huo mlango wa mbele nani anaukagua. Nikamwambia kuna watu kazi yao ndiyo hiyo. Akauliza kama kwenye pantoni ya Wajerumani watu wanasimama katikati ya baiskeli na mikokoteni. Nikasema hapana, kuna viti. Akasema basi, tutaona huko huko, nimnunulie tangawizi kavu.

Kwa hiyo maji kakubali. Aliyoninunia tangu jana ni samli.